Shemizi Nne za Nyakabanda

Nyakabanda, Kigali
3 Machi 2025

Baba Mkubwa Usumani,

Assalamu alaykum. Ramadhani imetukuta salama, sijui nyinyi huko Ujiji. Mama Mkubwa Khadija ameniambia masikio yako sasa hayashiki simu kabisa, kelele za mashine zimeyamaliza. Ndiyo maana nakuandikia. Bahasha nimempa kondakta wa basi la Kahama, ameahidi kuipitisha kwa mwenzake wa Kigoma.

Nina swali la kazi. Kuna dereva wa mbio za magari anaitwa Trinah Gahongayire, dada aliyekulia Kampala, anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Ameongeza nguvu ya turbo mpaka silinda ya tatu imepasuka. Bloku ya injini ni ya alumini na kuta za silinda ni nyembamba, zimeshindwa. Nimemwambia nitazichonga kuta zote nne, halafu kila silinda niivalishe ndani shemizi, bomba nene la chuma lenye kola juu, la kustahimili nguvu hiyo na zaidi. Kukereza nitakereza mwenyewe, kwenye mashine ile ile uliyoniachia.

Siku aliyoleta bloku, Mugenzi alikuwa amefuatana naye. Huyu ni mwenyekiti wa kamati inayokagua magari kabla ya mbio. Alicheka.

"Hii injini iko ya mbio, haiko ya kusaga mahindi," alisema. "Peleka Dubai." Kisha akanitazama vizuri. "Lakini wewe, si ndiyo mtoto wa Rajabu? Ule Rajabu wa Mutsinzi?"

Nikamwambia, "Ndiye mimi. Na injini inabaki hapa."

Miaka kumi na tisa, Baba Mkubwa. Tangu lori la kahawa lilipokwama injini kwenye mteremko wa Shyorongi na Mutsinzi, dereva wake, akapoteza mguu, watu wakiniona hawanioni mimi, wanaona silinda ambayo baba aliiharibu. Baba ana miaka sita kaburini na bado wanaitaja kama ilikuwa jana.

Basi niambie. Kola ya shemizi hukaa juu ya lile bega linalokatwa mdomoni mwa silinda. Bega hilo wewe na baba mlikuwa mkilikata kwa kina gani? Na mbano, yaani shemizi kuzidi upana wa tundu lake, mlikuwa mkiacha kiasi gani? Daftari la baba halina kitu kuhusu shemizi.

Binti yako,
Zaina Umuhoza


Ujiji, Kigoma
11 Machi 2025

Mwanangu Zaina,

Wa alaykumu salaam. Barua imefika ikiwa na alama ya chai, lakini inasomeka.

Mrudishie huyo dada bloku yake.

Najua hupendi kuambiwa hivyo. Mimi ndiye niliyekushikisha kisu cha kwanza cha mashine ukiwa na miaka kumi na mitano, najua mkono wako na najua kichwa chako. Mkono ni mzuri. Lakini shemizi za gari la mbio si kazi ya karakana ndogo yenye mashine iliyozeeka. Kitu kikienda vibaya pale, hakiharibiki chuma peke yake. Wewe unayajua hayo kuliko wengine.

Tengeneza ekseli, tengeneza pampu za maji, kazi haitakosekana. Kwa watu wa mbio usijiingize. Mugenzi akisema Dubai, mwache apeleke Dubai.

Khadija anakusalimu. Mguu wangu wa kulia unavimba jioni, hayo ndiyo mapya yangu.

Ni mimi,
Usumani


Nyakabanda
17 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Pole na mguu. Sikukuomba ruhusa, nilikuomba vipimo.

Kazi imeshaanza. Nimenunua bloku mbovu ya aina ile ile kwa watu wa vyuma chakavu, najaribia hiyo kwanza. Tatizo langu la kwanza lilikuwa baridi. Unakumbuka mlikuwa mkipasha bloku moto ipanuke na kuweka shemizi kwenye barafu isinyae, ili ishuke bila kupigwa nyundo. Hii yangu ni nene, barafu ya kawaida haitoshi. Nikaenda kwa Vestine, daktari wa mifugo, tulisoma naye. Yeye hubeba mbegu za madume ya ng'ombe kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi inayounguza kama moto. Nilipomwambia nataka kutumbukiza chuma humo alinitazama sana. "Sha, Zaina, mimi mtungi wangu unazalisha ndama," akasema. Halafu akauliza siku gani.

Joto nimelipata kwa Mama Mukandekezi wa mikate, kona ya pili kutoka kwetu. Tanuri lake linaingiza bloku nzima na nafasi inabaki. Sharti lake ni kwamba niioshe mpaka isinuke oili, na nisije saa za mikate ya futari.

Kwa hiyo usiniambie karakana haitoshi. Nyakabanda nzima ni karakana yangu.

Sasa nijibu swali moja tu, ukikataa yote mengine. Ile kazi ya lori la kahawa, baba alikosea wapi? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, hakuna aliyenieleza. Nilipokua nilimuuliza mara moja, akaendelea kufunga cherehani ya watu aliyokuwa anaitengeneza, kama hakunisikia. Wewe ulikuwepo. Niambie alipokosea, ili nisikosee pale pale.

Zaina


Ujiji
26 Machi 2025

Mwanangu,

Umeuliza kwa namna ambayo mtu hawezi kukaa kimya.

Baba yako alikuwa amechoka siku hiyo. Alitoboa silinda ikawa pana kidogo kuliko ilivyotakiwa. Mbano ukawa mdogo, shemizi ikalegea, ikazama. Maji yakaingia kwenye silinda, injini ikakwama kwenye mteremko. Ni hivyo tu. Kosa la binadamu, na Mungu amrehemu.

Ikiwa ni lazima uendelee, basi ongeza mbano. Bana kuliko unavyodhani inatosha.

Futari njema. Usifanye kazi ya kutoboa ukiwa na njaa.

Usumani


Nyakabanda
5 Aprili 2025

Baba Mkubwa,

Idi imepita. Nakuandikia nikiwa nimesimama.

Nilifuata uliyoniambia. Kwenye bloku ya majaribio niliongeza mbano mara mbili ya hesabu yangu. Shemizi ilishuka vizuri, nikafurahi. Tulipokuwa tunasubiri ipoe tukasikia mlio mdogo kama mtu amevunja kijiti. Ukuta kati ya silinda ya pili na ya tatu umepasuka toka juu hadi chini. Mama Mukandekezi aliniuliza kama ndivyo inavyotakiwa.

Ilikuwa bloku mbovu, alhamdulillahi. Ingekuwa ya Trinah, leo ningekuwa nimemaliza jina la baba kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikajiuliza, kama kosa la baba lilikuwa upana wa silinda, huo upana ulikuwa kiasi gani? Sikuhitaji kukuuliza. Bloku ya lile lori iko hapa. Hukujua? Baba aliiweka nyuma ya kabati la vifaa, imefungwa kwenye gunia la mkaa. Mama alitaka kuitupa mara nyingi, akamkatalia. Nilifungua gunia jana, nikaisafisha, nikaweka saa ya kupimia ndani ya silinda. Juu, katikati, chini. Nikazungusha. Nikarudia mara tano.

Silinda imenyooka, Baba Mkubwa. Upana wake ni sawasawa na unavyotakiwa. Baada ya miaka kumi na tisa na kutu yote, bado iko sawa.

Kisha nikapima bega. Upande mmoja liko chini kuliko upande wa pili. Lina mikwaruzo ya kisu kisichokata. Na kuna alama ndogo iliyozama, kama chembe ya chuma ilibaki hapo na kola ikaikalia.

Baba hakuwahi kukata kwa kisu butu. Hata kisu cha vitunguu alikuwa akikinoa kabla mama hajakishika.

Nakuuliza kwa mara ya pili, na sasa nakuuliza wewe na si baba. Ni nani aliyekata bega lile?

Zaina


Ujiji
16 Aprili 2025

Zaina,

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Hii ya tano nampa Khadija aipeleke stendi kabla sijabadilisha mawazo.

Baba yako aliitoboa ile silinda mwenyewe, asubuhi, na ilikuwa kazi safi kama ulivyoona. Saa sita zikaja habari kwamba mama yako amelazwa, amezidiwa. Akavua koti la kazi akaniambia, "Bega usiliguse mpaka nirudi kesho. Kisu kimechoka, lazima kinolewe." Akaenda. Mchana mwenye lori akaja, akawa amesimama juu ya kichwa changu, kahawa yake iko ghalani, ananiuliza kama mimi ni fundi au mlinzi wa fundi. Nikalikata bega kwa kisu kile kile. Nilipoiteremsha shemizi niliona kola imeinuka upande mmoja, kama unene wa unywele. Niliiona, Zaina. Nikajiambia joto la injini litaikalisha.

Baada ya ajali, Rajabu ndiye aliyeifungua ile injini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akainua shemizi, akaichukua ile chembe kwa ncha ya kucha.

"Uliiona?" akaniuliza.

Nikaishika ile shemizi nikaanza kuifuta.

Nje walikuwepo ndugu wa Mutsinzi na majirani, wanataka kujua. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Wewe una watoto sita. Wakikufukuza hapa watakula wapi? Mimi ninaye mmoja." Akatoka nje akiwa anafuta mikono, nikamsikia anasema, "Mwenye mashine ya kutoboa ni mimi. Nimekosea mimi."

Tulidhani maneno yatakwisha baada ya mwaka. Hayakwisha. Watu wakaacha kumletea injini, akaanza kutengeneza cherehani za washonaji, na wewe ukawa unapigwa vijembe shuleni. Nilikuwa nangoja siku atakayoniambia amechoka kubeba. Hakuniambia. Nami nikazoea. Kukufundisha kazi nilidhani ni kulipa. Haikuwa kulipa.

Na mwezi uliopita nilikudanganya tena, na uongo wangu ukapasua bloku. Ningekuwa nimemvunja mtu wa pili, tena kwa mkono wako.

Sasa vipimo, na hivi ni vya kweli. Mbano usizidi sehemu saba za mia za milimita kwa bloku ya alumini. Usiongeze. Bega likate kwa kisu kipya kwa kila silinda, visu vinne kwa mabega manne. Ukimaliza, lifute kwa kitambaa cheupe, kisha kidole, kisha kitambaa kingine. Shemizi ikishuka ikandamize mpaka bloku ipoe kabisa, kwa sababu hupenda kuruka juu kidogo inapopata joto, na hapo ndipo chini ya kola hubaki nafasi. Mwisho sawazisha uso wote wa bloku pamoja na kola, upitishe rula ya chuma na taa nyuma yake. Ukiona mwanga, anza upya. Usijiambie kwamba joto litaikalisha.

Barua hii ni yako. Msomee unayemtaka.

Usumani


Ujiji
12 Mei 2025

Zaina,

Karibu mwezi sasa. Khadija alimuuliza kondakta, anasema bahasha ulipewa mkononi.

Sitaki jibu la heshima. Hata ukiandika tusi, nitalipokea. Nijulishe tu kama ule mbano ulishika saba.

Usumani


Nyakabanda
4 Juni 2025

Baba Mkubwa Usumani,

Nilishika saba.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kinaanza na jina lako na kuishia hapo hapo. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma barua. Siku ya pili niliisoma kwa mama. Hakulia. Alisema, "Nilijua kuna kitu. Mtu hanoi kisu cha vitunguu halafu aache chuma butu." Akaenda kuosha vyombo, akaosha hata vile vilivyokuwa safi.

Vipimo vyako nilivitumia kwa sababu ni vya kweli na kwa sababu Trinah hana kosa. Mwishoni mwa Aprili tulifanya kazi. Mchana mtupu, mlango wa duka la mikate wazi, nusu ya mtaa imesimama barabarani. Niliwaacha waone. Trinah mwenyewe alishika koleo upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaitoa bloku kwenye tanuri. Vestine ana glavu mpaka viwikoni, anatoa shemizi kwenye mtungi moja moja, zinafuka moshi mweupe. Zilishuka zote nne kama mtu anavyoingia kwenye nguo yake. Nilikandamiza mpaka bloku ikapoa kabisa. Tuliposawazisha uso na kupitisha rula na taa, hapakuwa na mwanga hata mahali pamoja. Mama Mukandekezi akauliza tena kama ndivyo inavyotakiwa. Safari hii nikamwambia ndivyo.

Kisha nikaenda Busanza. Mutsinzi anaishi huko siku hizi, kwenye zile nyumba mpya za ghorofa, ana kiduka cha mboga chini ya ngazi. Nilimwambia jina langu akawa anapanga nyanya, hanitazami. Nikamsomea barua yako yote, nikaisoma polepole. Alipoelewa alikaa kwenye kreti.

"Rajabu alikuwa anakuja kila Idi," akasema. "Analeta nyama. Mimi si Mwislamu, lakini alikuwa analeta. Nilikuwa naona yeye dirishani na sifungui mlango. Miaka kumi na mitatu anakuja, sifungui."

Nilimsaidia kupanga nyanya.

Wiki moja kabla ya mbio, kamati ilikaa kwenye ukumbi mmoja Gisimenti kukagua magari. Mugenzi akaisimamisha gari ya Trinah mbele ya madereva wote. "Injini hii haijulikani imetengenezewa wapi," akasema.

"Imetengenezewa Nyakabanda," nikajibu.

"Na nani?"

"Na mimi, binti Rajabu Niyonzima."

Watu wakanong'ona. Mugenzi akasema jina hilo ndilo linalomfanya aikatae, kwa usalama wa dereva. Nikamwambia aniandikie kwa karatasi na sahihi yake kwamba anakataa injini kwa sababu ya jina la mtu na si kwa kipimo, nami nitaibandika kwenye mlango wa ukumbi. Nikamwambia kama anataka kipimo, spana ziko hapa, afungue aone. Trinah alikuwa ameshaanza kufungua mwenyewe.

Hapo Mutsinzi akasimama nyuma. Sikujua kama amekuja. Alikuja na magongo yake kutoka Busanza, kabadilisha mabasi mawili. Akasema, "Mguu iko yangu, na mimi ndiyo nasema. Rajabu hakunivunja. Mkifukuza huyu mtoto kwa jina la baba yake, mtafute jina lingine, langu msitumie."

Sikukutaja, Baba Mkubwa. Wala yeye hakukutaja. Wakapima kola zote nne, hawakupata kitu. Mugenzi akagonga muhuri bila kuniangalia.

Mbio zilikuwa Jumapili, barabara za vumbi za Bugesera. Trinah hakushinda. Alipasukiwa tairi akamaliza wa tano, anatukana kwa lugha tatu. Lakini injini haikukohoa kutoka mwanzo hadi mwisho. Jana tumeifungua, na shemizi hazijasogea hata kidogo. Leo asubuhi Mugenzi kamtuma mtu kuuliza kama tunapokea kazi nyingine. Nimemwambia aliyetumwa kwamba tunapokea, ila mwenye injini aje mwenyewe, aiombe kwa mdomo wake, na alitaje jina lililoandikwa mlangoni. Nimeliandika kwa rangi nyekundu, herufi za kiganja kimoja. RAJABU NIYONZIMA NA BINTI YAKE.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba nimsomee ninayemtaka. Nimesoma mara mbili, sitasoma ya tatu. Mimi si mdomo wako. Baba alitoka nje akasimama mbele ya watu akasema neno lisilo lake. Wewe una lako mwenyewe, la kweli, na hujawahi kulisema mbele ya mtu yeyote. Msamaha wa kwenye bahasha sina. Mguu ukikuruhusu, njoo.

Zaina


Ujiji
10 Juni 2025

Zaina,

Nimengoja Idi ipite. Watoto wote sita walikuja, nikawaketisha sebuleni nikawaambia. Mkubwa alitoka nje bila kunipa mkono. Khadija amenifungia nguo za safari.

Basi ni la Alhamisi. Nikishuka Nyabugogo, usije kunipokea na usimwambie Mutsinzi kwamba nakuja. Nitakwenda Busanza kwanza. Nataka awe huru kunifungia mlango, kama alivyomfungia Rajabu, ambaye hakustahili kufungiwa. Akiufunga, nitaketi kwenye ngazi mpaka aufungue au anifukuze. Kwako nitafika baada ya hapo, na nitakachosema mbele ya mlango wako wenye herufi nyekundu nitakisema kwa sauti, mtaa mzima ukiwa macho.

Usumani bin Juma,
aliyelikata bega